Mwili Nao Una Maneno Yake

Wazee walisema: Akufukuzaye hakwambii toka. Mwenye nyumba aliyechoshwa na mgeni hunyamaza, hutazama mlango, hujibu kwa kichwa tu. Na mgeni mwenye akili hufahamu, akaaga. Kila msikilizaji ajua basi ya kuwa mwili nao una maneno yake.

Wenye elimu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1872 Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha furaha, hofu na hasira. Aliwauliza kwa barua watu waliokaa katika nchi nyingi, akaona ya kuwa alama nyingi za uso hufanana duniani kote.

Lakini desturi hazifanani. Mtoto wa Kimasai humwinamia mzee ili aguswe kichwani. Mtoto wa pwani hutoa shikamoo. Katika makabila mengi ya Kenya kijana asemapo na mzee huinamisha macho, kwa kuwa kumkazia mzee macho ni ufidhuli. Uingereza, asiyemtazama mwenzake machoni huweza kudhaniwa kuwa anaficha jambo.

Hapo ndipo madhara huzuka. Kijana atafutaye kazi huinamisha macho kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, na bwana amwulizaye maswali akamdhania kuwa mwongo. Shahidi naye huweza kutetemeka kortini kwa sababu tu hajapata kusimama mbele ya hakimu.

Tena, uhodari wa watu wa kumtambua mwongo ni mdogo kuliko wanavyodhani. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo wa Marekani walikusanya matokeo ya majaribio mengi, ambamo watu zaidi ya 24,000 walitakiwa kupambanua kweli na uongo pasipo msaada wa chombo chochote. Kwa wastani walipata sawasawa mara 54 katika kila 100. Mwenye kubahatisha kwa kurusha senti angalipata 50.

Kwa hiyo ishara za mwili zisidharauliwe, wala zisifanywe hukumu. Mwalimu amwonapo mtoto ameinamisha kichwa, na amwulize kwa upole: labda ana njaa, labda hakufahamu somo, labda anamheshimu mwalimu wake. Vivyo hivyo na mwenye kuandika watu kazi, na mganga hospitalini, na mzee wa baraza. Jambo lililoonwa kwa macho liulizwe kwanza kwa mdomo, ndipo mtu akatwe shauri lake.