Akiba Huoza

(Maneno ya mmoja wa wanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Niliombwa nizungumze juu ya kazi yangu. Kazi yangu Serikalini ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta na simu nyingine. Mwananchi akiomba namba ya malipo ili alipe kodi au ada, seva ndiyo inayomjibu. Isipojibu, karani humwambia, "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Leo nataka nieleze yaliyo nyuma ya maneno hayo.

Tuanzie hapa hapa shuleni. Wenzangu wa miaka ya tisini mnalikumbuka bwalo letu. Madirisha ya kugawia chakula yalikuwa matatu, lakini sote tulijazana kwenye dirisha la kwanza kwa kuwa lilikuwa karibu na mlango. Kiranja wa bwalo alisimama katikati, akawapeleka wengine dirisha la pili na la tatu. Maharage yakiisha dirisha moja, aliigeuzia foleni kwingine, wala hakuna aliyelala njaa. Kazi ya kiranja yule ndiyo tunayoiita kusawazisha mzigo. Mbele ya seva tunaweka mtambo unaopokea maombi yote na kuyagawa. Kila baada ya sekunde chache mtambo huo huiuliza kila seva, "Upo?" Isiyojibu haipelekewi mtu mpaka ipone, na wenzake huipokea kazi yake. Na kwa kuwa kiranja naye huugua, mtambo huo nao hupewa msaidizi. La sivyo seva zote zitakuwa nzima na mlango umefungwa.

Kusema hivyo ni rahisi. Ugumu uko katika mambo matatu.

La kwanza ni hesabu. Seva mbili zikibeba kila moja asilimia 70 ya uwezo wake, wakubwa ofisini huona kazi inakwenda vizuri. Lakini moja ikianguka, ya pili itatakiwa kubeba asilimia 140, nayo itaanguka. Mliovuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 mnalijua jambo hili: kivuko kimoja kilipokwenda matengenezoni, vilivyobaki vilielemewa na magari yakapanga foleni. Seva mbili zinalindana ikiwa tu kila moja inaweza kuibeba kazi yote peke yake.

La pili ni njia. Tarehe 12 Mei, 2024 intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Kwa upande wa kaskazini, Seacom ilikuwa imekwisha kukatika Februari mwaka ule katika Bahari ya Shamu, pamoja na nyaya nyingine. Kwa kuhesabu, tulikuwa na waya wa kwanza na waya wa pili. Lakini nyaya hizo zilipita njia moja, na mkasa mmoja ukazikuta zote mbili. Vivyo hivyo seva mbili zilizomo chumba kimoja, zinazokula umeme wa swichi moja, ni sawa na seva moja.

La tatu linanihusu mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, seva yetu ya malipo ilikufa saa tatu asubuhi. Hatukutaharuki, maana ya akiba ilikuwapo. Tulipowahamishia watu huko, tulikuta diski yake ilikwisha kujaa, na kwa wiki tatu haikuwa imepokea kumbukumbu yoyote mpya. Siku hiyo alikuwapo mama mmoja aliyetoka Ukerewe kumalizia malipo ya kiwanja chake. Alikwisha lipa sehemu kubwa juma lililotangulia, lakini kwa seva ile hakuwa amelipa hata senti. Alinyosha risiti akaniambia, "Mwanangu, karatasi hii mlinipa ninyi." Tulipekua makaratasi mpaka jioni ndipo tukayaona malipo yake. Meli ya Nansio ilikwisha ondoka, akalala bandarini.

Katika faili letu kulikuwa na fomu ya kila mwezi iliyoandikwa, "Seva ya akiba: nzima." Ya mwisho ilitiwa sahihi siku tisa tu kabla ya siku hiyo. Sahihi ilikuwa yangu. Sikuwahi kuijaribu seva ile hata mara moja. Niliona taa yake ya kijani inawaka, nikatia sahihi.

Tangu hapo, kila mwezi, kwa siku tuliyoitangaza, naizima seva kubwa kwa mkono wangu na kuiachia ya akiba kazi ya kutwa nzima. Mara ya kwanza ilishindwa, na mkubwa wangu alifoka sana. Nilimjibu kwamba afadhali ishindwe siku tuliyoichagua sisi, mafundi wote wakiwapo, kuliko siku ya mama yule.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hata mkulima wa Magu hulifungua ghala lake akatazama kama dumuzi wameingia. Akiba isiyotazamwa huoza, na seva huoza huku taa inawaka.

Ninyi vijana, siku moja mtakabidhiwa fomu za kutia sahihi, mkiwa mafundi, waganga au wahasibu. Kajaribuni kwanza, ndipo mtie sahihi. Tuanze kesho: saa nne nitakuwa katika chumba cha kompyuta, tuzifungue nakala za akiba za alama zenu, tuone kama zinafunguka.