DAWA IHAKIKIWE KABLA YA KUTUMIWA
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba)



Mgonjwa anayemeza dawa bandia hupata hasara mbili: fedha zake hupotea, na maradhi huzidi nguvu hali yeye akiamini kuwa anatibiwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa, katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa 1 katika kila 10 ni duni au bandia.

Kwa hivyo, kila mnunuzi anatakiwa kununua dawa katika duka lililosajiliwa na kudai risiti. Kwanza atazame lakiri, isiwe imevunjwa. Akishalipa, afungue boksi mbele ya muuzaji. Jina la dawa, kipimo chake, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda visomeke wazi, na maandishi ya boksi yalingane na yale ya chupa au pakiti ya ndani. Maandishi yaliyofutwa au kubandikwa karatasi juu yake, na vidonge vilivyomeguka au kugeuka rangi, ni dalili za kutiliwa shaka.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Nchini Haiti, kati ya miaka 1995 na 1996, watoto zaidi ya 80 walifariki baada ya kunyweshwa dawa ya maji ya homa iliyotengenezwa na kiwanda cha humo nchini. Kilichowaua ni sumu iliyokuwamo katika malighafi. Sumu hiyo ilithibitishwa kwa kupimwa chupa zilizotumiwa na wagonjwa wenyewe, na dawa ikaondolewa madukani.

Hapo ndipo penye funzo. Boksi, chupa na risiti visitupwe mpaka matibabu yamalizike. Mwenye shaka asiitumie dawa hiyo, wala asiimwage, wala asimpe jirani. Aipeleke pamoja na boksi lake katika kituo cha afya kilicho karibu au kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na papo hapo aombe dawa nyengine ili matibabu yasikatike. Namba ya toleo iliyomo katika boksi moja yaweza kuwaokoa wagonjwa wa kisiwa kizima.