Mafuta ya Tumboni Hayalali

Msikilizaji wangu wa Ongata Rongai, nawe wa Kiserian na Kitengela, leo nazungumza hasa na akina mama.

Saa hizi wengi wenu mko ndani ya matatu ya njia ya 125, msongamano umeshika Barabara ya Magadi. Umekaa kazini tangu asubuhi, na hapo umekaa tena. Ukishuka steji, chipsi zinakaangwa mbele yako, na nyumbani watoto wana njaa. Kwa hivyo siwezi kusema mama mnene ni mvivu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 nchini Kenya, wapata 38 walikuwa wamezidi uzito. Wanaume walikuwa wapata 17.

Tunadhani mafuta ya tumboni yametulia tu, kama gunia la mahindi stoo. Sivyo! Yale yanayozunguka ini na matumbo humwaga kemikali kwenye damu usiku na mchana. Ini likizipata, nalo hutoa protini iitwayo CRP, ileile inayopanda mtu akiwa na maambukizi. Mwili unapigana vita na adui hayupo. Vita hivyo ni uvimbe wa ndani kwa ndani; hauumi, ila miaka ikipita huchokoza kuta za mishipa ya moyo, lehemu ikajipenyeza humo, hadi siku moja damu igande na kuziba njia.

Habari njema ni kwamba uvimbe huo unaweza kupungua. Mwaka 2003, watafiti wa Naples, Italia, walitoa matokeo ya wanawake 120 wanene waliofuatiliwa kwa miaka 2. Waliofunzwa kula mboga, matunda na vyakula vya jamii ya kunde kwa wingi, na kutembea zaidi, walipungua uzito, na CRP yao ikashuka.

Vyakula hivyo mama mboga wa mtaani kwako anavyo: managu, terere, ndengu. Ongeza mboga, punguza ugali na mafuta ya kukaangia, na ushuke steji moja kabla ya yako. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, moyo unapata nafuu.

Kesho azima tepu ya fundi cherehani, ujipime kiuno kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Ukipita sentimita 88, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe presha na sukari. Na kama tayari unameza dawa za presha, usiziache eti kwa sababu umepungua. Muulize daktari kwanza.