Ukwangala Kitandani: Furaha Ndogo Ndogo kwa Mgonjwa wa Saratani Wilayani Rungwe



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mgonjwa wa saratani asipoteze uchangamfu akiwa kwenye matibabu. Nimefanya uuguzi miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jambo hili nililifanya vibaya. Nilikuwa naingia wodini nasema, “Mama, changamka! Usikate tamaa!” kisha nasogea kitanda kinachofuata. Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa huku kwetu, aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam baada ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi. Nilipomtembelea, wanawe walilalamika kwamba hali wala haongei, na kila mgeni anamhimiza afurahi. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza mgonjwa yeyote: kabla hujaugua, siku yako ilikuwa inanoga saa ngapi? Akanyamaza kwa muda. Akasema ni jioni, akiwa anamenya ndizi barazani na majirani wanapita wakisalimia. Tangu arudi alikuwa amelazwa chumba cha ndani, dirisha limefungwa kwa kuogopa baridi, na ndizi wanamenya wakamwana zake.

Tuifikirie safari yenyewe. Mgonjwa wetu anaanzia hospitali ya Makandana au ya Igogwe, anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na akihitaji mionzi, kwa miaka mingi imemaanisha kupanda basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, kilomita 900 hivi kutoka hapa. Mionzi ya shingo ya kizazi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Mtu aliyezoea ukungu wa Mlima Rungwe na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka anajikuta kwenye joto la pwani, mbali na shamba lake, mbali na ng’ombe wake, na hakuna anayemwamkia kwa Kinyakyusa. Sisi tunahesabu nauli, malazi na dozi. Hatuhesabu kwamba kila kilichokuwa kikimpa raha amekiacha nyumbani.

Wazee wetu walikuwa na neno la raha hiyo. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na katika kitabu chake cha 1951, Good Company, Monica alilipa nafasi kubwa neno ukwangala: kukaa na wenzako, kula, kunywa, kuongea na kufurahiana. Wazee wale hawakuuona ukwangala kuwa mchezo wa kupotezea muda. Kwao ndiko mtu alikopatia hekima na adabu. Mimi naamini saratani ikiingia nyumbani, kitu cha kwanza kinachovunjika ni ukwangala, hata kabla mwili haujadhoofika. Wageni wanakuja na nyuso za msibani. Wanakaa kimya, wanashika tama, wanatoa pole, wanaacha sukari na sabuni, wanaondoka. Mgonjwa anabaki kama aliyehudhuria matanga yake mwenyewe. Wachungaji, hapa nawaomba msaada wenu: wafundisheni waumini kwenda kwa mgonjwa na habari za kijiji. Nani kajenga, ng’ombe wa nani kazaa, parachichi zinanunuliwa bei gani mwaka huu. Mzee aliyekuwa bingwa wa bao apelekewe bao, na asiachiwe ushindi kwa kuonewa huruma.

Lipo jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Uchangamfu hauyeyushi uvimbe. Mwaka 2007 mtafiti James Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, na hawakuona kwamba waliokuwa na hali nzuri ya moyo mwanzoni waliishi muda mrefu kuliko wengine. Kwa hiyo tusimwahidi mgonjwa kwamba akifurahi atapona. Siku ugonjwa ukirudi atajilaumu kwamba alilia sana. Ana haki ya kulia, na ana haki ya kutotaka wageni leo. Tunamtafutia furaha kwa sababu siku hii ya leo ni yake, na siku ni kitu kikubwa.

Namna ya kuitafuta inajulikana. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alieleza kwamba mwenye huzuni hupunguza mambo anayoyapenda, na akiyapunguza huzuni inazidi. Dawa yake ni kuyapanga mambo hayo kwenye siku bila kusubiri moyo uwe tayari. Yeye na mwenzake walitengeneza orodha ya mambo 320 ya kupendeza. Ya Rungwe tutaiandika wenyewe, mgonjwa kwa mgonjwa, na mara nyingi mambo matatu yatatosha.

Kabla ya yote, maumivu. Mtu anayeumwa usiku kucha hawezi kuionja chai. Nchini Uganda Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na kazi yake imesaidia sana kueneza mofini ya maji, ile ya kunywa, ambayo mgonjwa anaweza kuitumia akiwa kwake. Ndugu wengi wanaiogopa wakidhani itamfanya mgonjwa awe mraibu. Tuwaelimishe kwamba ikitolewa kwa kipimo cha daktari, na kwa saa zake, inamrudishia usingizi na nafasi ya kuongea.

Kwenye chakula nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko familia zinakogombania. Baadhi ya dripu za kemo huacha ladha ya chuma mdomoni. Mgonjwa anasukuma sahani, na aliyepika anaona amedharauliwa. Mpeni kijiko cha plastiki au cha mti badala ya cha bati. Mbalaga, chakula chetu cha ndizi, iwe vijiko vinne tu, vuguvugu, na apewe tena baada ya saa mbili. Mdomo ukiwa na vidonda, parachichi lililopondwa linapita vizuri kuliko nyama. Chai yetu yenye tangawizi huwasaidia wengine kichefuchefu. Ila maziwa yachemshwe vizuri, na matunda yaoshwe na kumenywa, maana kemo hupunguza chembe nyeupe za damu na vijidudu vidogo vinaweza kumlaza upya. Akipata homa, hakuna kusubiri asubuhi: apelekwe hospitali.

Dirisha nalo lifunguliwe. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa mahali pa kutazama miti walitoka mapema na wakahitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini nani hapa hana mgomba nje ya dirisha lake? Julai kuna baridi kali, kweli. Blanketi mbili na soksi za sufu zinatosha. Anayependa matarumbeta ya kanisani asogezwe mahali atakapoyasikia Jumapili, hata kama hawezi kwenda ibadani. Dada aliyepoteza nywele apelekwe kuchagua kitenge cha kilemba yeye mwenyewe, asinunuliwe.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye daftari la kila mgonjwa tunaandika uzito, presha na dozi. Tuongeze mstari mmoja: anapenda nini, na lini mara ya mwisho alikipata. Tunapompa rufaa, mstari huo usafiri naye, ili muuguzi wa Dar es Salaam ajue kwamba mama huyu huamka saa kumi na moja na anapenda kusalimiwa kwanza.

Yule mama wanawe walimtolea kiti barazani siku ileile. Mikono ilikuwa dhaifu, akamenya ndizi mbili, ya tatu akaiacha nusu. Jirani mmoja alipita barabarani na ndoo kichwani, akasalimia. Mama akaitikia, kisha akamuuliza mbona ng’ombe wake leo wamechelewa kurudi.