Maradhi ya Selimundu na Jeni Iliyofungwa



Nimetakiwa niseme juu ya selimundu, maradhi ambayo hapa kwetu Uganda wengi hudhani ni husuda au mkono wa mtu. Sivyo. Ni maradhi ya urithi.

Hemoglobini ndiyo iipayo damu wekundu wake na kuchukua oksijeni mwilini. Namna ya kuitengeneza imo katika jeni, na kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha kuwa hemoglobini ya mgonjwa hupishana na ya mzima kwa kiungo kimoja tu. Kwa kosa hilo dogo chembe za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa.

Mwenye nakala moja yenye kosa huwa mzima, tena hukingwa na malaria kali, kama alivyoeleza Dr. Allison mwaka 1954. Ndiyo sababu jeni hii imeenea kwetu, na huko Bundibugyo zaidi. Lakini wakioana wawili wenye nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Basi mume ampaye mkewe talaka kwa ajili hiyo amemdhulumu, kwani nusu ya urithi ule imetoka kwake mwenyewe.

Lililo la ajabu ni kwamba mtoto huyo haugui miezi yake ya mwanzo. Tumboni alitumia hemoglobini nyingine, yenye jeni yake. Akisha zaliwa, jeni hiyo hunyamazishwa polepole na nyingine iitwayo BCL11A, na ile yenye kosa ikashika zamu. Haikupotea, imefungwa tu. Wataalamu wakatafuta njia ya kuifungua. Huchukua kwa mgonjwa chembe zizaazo damu, huidhoofisha BCL11A ndani yake, kisha humrudishia, baada ya dawa kali za kuusafisha uboho. Uingereza iliikubali tiba hii Novemba 2023, na Marekani Desemba. Bei yake huko Marekani ni dola 2,200,000 kwa mgonjwa mmoja, fedha ambayo hata kuitaja hapa ni taabu.

Lakini ipo dawa ya kumeza, haidroksiurea, ambayo nayo huiamsha jeni ile ile kwa kiasi. Ilijaribiwa kwa watoto wa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, na majibu yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Mwenye mtoto mgonjwa na amwulize daktari habari za dawa hii.

Na kipimo cha kujua nani ana nakala hiyo ni cha damu kidogo tu. Ningewaomba wazee wanaopokea posa waulize mapema, kabla mahari hayajatajwa; maana siku ya nikahi ikisha pangwa na kadi zikaenea mjini, hakuna atakayetaka kulisikia jibu.