Tuzo ya Ua na Tuzo ya Mtunzaji

Masomo: Mathayo 25:14-30, 1 Wakorintho 4:1-5

Tunawasalimu ninyi wa Makiso, wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, wa komini ya Kisangani, na ninyi wa ng'ambo ya mto, Lubunga. Na wewe unayesoma karatasi hii baada ya mahubiri kupita redioni, neema iwe kwako na nyumba yako.

Leo tunaanza porini. Aliyepita njia ya Yangambi ameona mti mkubwa ulioangushwa, na juu ya matawi yake mimea midogo yenye majani manene na mizizi iliyoshika ganda. Mingi kati ya hiyo ni okidi; kwa Kifaransa tunasema orchidée. Wengine hufikiri inanyonya mti. Hapana, inakaa juu yake tu. Maji yake ni ya mvua na ya umande. Sisi tunakata tawi, tunapanga tanuru la makala, na okidi inaungua pamoja na tawi. Hakuna anayeuliza.

Lakini mahali pengine ua la namna hiyo linawekwa mezani mbele ya waamuzi. Kule London, Royal Horticultural Society ina kamati ya okidi tangu mwaka 1889. Marekani kuna American Orchid Society, iliyoanza mwaka 1921. Na si kwa wazungu tu: mwaka 2014 mkutano wa dunia wa okidi, pamoja na maonyesho yake, ulifanyika Johannesburg, Afrika Kusini. Tumesoma namna waamuzi hao wanavyofanya kazi, na tukaona aibu. Maua yanahukumiwa kwa haki kuliko sisi tunavyohukumiana kanisani.

Tuangalie mambo matatu.

La kwanza: mwamuzi haambiwi mmea ni wa nani. Mezani kuna jina la ua. Jina la mwenye ua halisemwi. Na kama mmea ni wa mwamuzi mwenyewe, anajiondoa, hatoi pointi. Je, sisi? Tajiri akiimba vibaya tunapiga makofi. Mwana wa mchungaji akikosa tunasema ni utoto. Mtoto wa mjane akikosa tunasema ni pepo. Yakobo ameonya wazi katika sura ya pili ya barua yake juu ya kumpa kiti mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini.

La pili: kila ua linalinganishwa na jamaa zake. Kuna okidi yenye ua kubwa kama kiganja, na kuna nyingine ambayo ua lake ni dogo kuliko ukucha. Mwamuzi hailaumu ndogo kwa sababu haikuwa kubwa. Anauliza: kati ya aina yake, hii ikoje? Wapendwa, ndugu mmoja alipewa talanta tano, mwingine mbili. Bwana hakumuuliza wa mbili kwa nini hakuleta tano. Wote wawili walipata sifa ileile na furaha ileile. Dada unayelia kwa sababu huhubiri kama fulani, nani alikutuma ushindane naye?

La tatu: wanapima kwa utaratibu. Waamuzi wa Marekani wana pointi 100. Katika kipimo chao cha kawaida, umbo lina 30, rangi ina 30, na 40 zinazobaki ni za ukubwa, unene wa petali, mpangilio na wingi wa maua. Ua lenye wadudu au ugonjwa halipiti. Kila mwamuzi anaandika pointi zake, kisha wanatafuta wastani. Kuanzia 75 kuna tuzo ya chini, kuanzia 80 tuzo ya kati, kuanzia 90 tuzo kubwa kabisa, ambayo ni chache sana. Na mtu hawi mwamuzi kwa siku moja. Anafundishwa miaka kadhaa kwanza. Lakini sisi, mtu ameokoka Jumapili, Jumatano tayari anahukumu nani ni wa kiroho na nani ni wa mwili.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo moyo wa ujumbe.

Tuzo hizo tulizotaja zinapewa ua, yaani mmea wenyewe. Ukiugawa mmea huo vipande, kila kipande kinabeba jina lake na tuzo yake. Uzuri ule mtunzaji hakuuumba. Lakini waamuzi hao wana tuzo nyingine, ya namna tofauti. Hiyo wanampa mtu aliyeutunza. Wanaangalia majani ni mazima, mmea umekua, maua ni mengi na yenye afya. Ua lenyewe linaweza kuwa la kawaida tu. Lakini mtu aliamka asubuhi, akamwagilia, akaondoa wadudu, akangoja. Okidi inayoanza kwa mbegu, mbegu ndogo kama vumbi, inakaa miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza. Ile tuzo ni ya kungoja kwake.

Tunawaambia hili kwa sababu sisi wenyewe tulikosa.

Mwishoni mwa mwaka tulitoa zawadi katika kusanyiko letu. Tulimwita mwimbaji bora, tukamwita kiongozi wa maombi, tukamwita kijana anayepiga gitaa. Shangwe, picha, vigelegele. Baada ya ibada mtoto mmoja wa miaka kama tisa, mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa, alitungoja mlangoni. Akauliza: "Papa Pasta, koko yangu alikosa wapi?"

Tulinyamaza. Koko yake tulimjua. Mume wake alikufa katika vita ya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu huu na mabomu yakaanguka juu ya nyumba zetu. Mama huyo alibaki na watoto wake, akaongeza watatu wa jirani ambao wazazi wao hawakurudi. Aliuza kwanga sokoni mpaka wote wakakua. Leo, katika uzee wake, anambeba mgongoni mjukuu huyu kumleta shule ya Jumapili. Hajui kuimba. Hajawahi kushika mikrofoni. Katika pointi zetu alikuwa na sifuri, kwa sababu tulikuwa na tuzo za maua peke yake. Tuzo ya mtunzaji hatukuwa nayo.

Jumatatu tulivuka mto kwa mtumbwi, tukaenda kwake Lubunga kuomba msamaha. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi. Akatukata: "Kwanza mkae, mle." Akatupa pondu na wali. Tulikula tukiwa na machozi.

Wapendwa, tusichanganye mambo. Hakuna anayeingia mbinguni kwa pointi; tunaokolewa kwa neema, kwa damu ya Yesu. Lakini Paulo anasema sisi ni mawakili, na wakili anadaiwa uaminifu. Sauti nzuri ulipewa. Akili ulipewa. Bwana atakapokuja, hatashangaa uzuri ambao aliuumba yeye mwenyewe. Atauliza ulichungaje ulichopewa. Ndiyo maana Paulo anatukataza kuhukumu kabla ya wakati: yaliyofichwa gizani bado hayajatokea, na wengi tunaowapita leo kanisani watasikia jina lao likiitwa siku ile.

Na wewe mama unayemchunga mgonjwa usiku, baba unayesukuma toleka toka asubuhi ili mtoto alipe shule, mwalimu unayefundisha miezi bila mshahara: kama hatukukuita mbele, tusamehe. Mwamuzi wako anajua jina lako.

Kazi ya juma hili ni moja. Mtafute mtu mmoja anayetunza bila kuonekana. Nenda kwake, si kwa simu, kwa miguu yako. Umshukuru, na umsaidie mzigo wake siku moja.

Tuombe. Baba, tusamehe macho yetu yanayopenda ua na kusahau mkono uliomwagilia. Tufundishe kutunza, tufundishe kungoja. Na siku ile utupate waaminifu. Katika jina la Yesu, amina.