Haki ya Mgeni na Mapatano ya Mataifa
Khutba ya Ijumaa, Chanji, Sumbawanga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini. Kabla Mtume wetu hajapewa utume, mfanyabiashara wa Zabid, katika Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa Al-As bin Wail, mkubwa mmoja wa Makureshi, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays, akapaza sauti. Ndipo baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Hayo ndiyo Hilful-Fudhul. Mtume alihudhuria, na baada ya utume akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano ya namna ile, angeitika. Na tuzingatie kwamba walioapa siku ile hawakuwa Waislamu.

Hapa kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwatoa watu wengi makwao, wakavuka kuja kwetu. Wakapewa makazi Ulyankulu katika Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa, mpaka Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Serikali ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaleta fedha. Na shirika la Kikristo, Tanganyika Christian Refugee Service, likasimamia kazi. Mmoja peke yake asingeuweza mzigo ule. Tena mkataba ulikwisha kuwapo: nchi za Afrika ziliutia sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, zikakubaliana kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi alikotoka isilihesabu kuwa uadui.

Wageni wale wakalima, wakazaa, wakazika wazee wao hapa. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania, serikali ya Burundi na shirika lile la wakimbizi zilikaa pamoja kutafuta mwisho wa jambo lao. Kila mmoja akaulizwa, arudi au abaki? Zaidi ya elfu 50 walirudi Burundi. Zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia kufikia mwaka 2010. Lakini vyeti vyenyewe havikuanza kutolewa mpaka mwaka 2014, kwa kuwa kwanza walitakiwa kuhama makazi yale na kutawanywa mikoani. Miaka minne, ndugu zangu, mtu amekwisha kuukana uraia wa kwao wala hana hati ya huku! Hatimaye waliruhusiwa kubaki walipo.

Wala hatusemi kwamba mashirika ya mataifa hayakosei. Desemba 1996 serikali yetu na shirika hilohilo walitangaza pamoja kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa nchini warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na wengi walirudi kwa hofu. Mapatano hushikwa na wanadamu. Yafaa wanadamu wayachunge.

Sasa turudi kwetu Chanji. Mtu ana cheti, amepiga kura, analeta mahindi yake sokoni, nasi bado twamwita mkimbizi, na mtoto wake twamwita hivyo hivyo, naye amezaliwa hapa. Anapopunjwa kwenye mizani twanyamaza kwa kuwa si wa kwetu. Al-As bin Wail naye alitegemea kunyamaza kwa namna hiyo. Aliye na deni la mtu kama huyo na alilipe leo, kabla ya magharibi.

Ewe Mola, tusamehe sisi na wazazi wetu, na wahifadhi walio njiani usiku huu wakiyakimbia makwao. Amin. Simameni, swala inakimiwa.